Isale kwa Ajili ya Nibu

Eliona wa Mwika alikuwa na mdomo mchafu, na ndiyo maana nibu ya kalamu yake ilipopasuka hakuna jirani aliyekubali kumwazima kalamu. Jumamosi mjini Moshi kulikuwa na mtihani wa ukarani wa kahawa, na tangazo lilisema wazi: kila mtu aje na kalamu yake ya wino, chupa za kuchovya marufuku mezani. Kazi hiyo Eliona aliitaka kufa na kupona. Jembe lilikuwa limemchosha.

Alishuka kwa lori lililopitia Himo, akaingia dukani kwa Zaidi amekunja uso. Zaidi ndiye aliyemuuzia kalamu hiyo. Alimjaribishia nibu moja baada ya nyingine. Hii ilikuwa pana, haikuingia shingoni. Ile ilikuwa nyembamba, ikacheza na kumwaga wino. Nyingine iliingia vizuri, ikakwaruza karatasi wala isitoe tone. Na pesa ya kununua kalamu mpya Eliona hakuwa nayo.

"Kalamu yako ya bei rahisi, bwana. Si kila nibu inaikubali."

"Uliniuzia takataka, sasa unanisimanga?"

"Takataka uliichagua mwenyewe, tena ulinibana bei mpaka nikakoma. Nibu ya akiba ya aina hii nilibaki nayo moja tu. Kaichukua mtu wa huko huko kwenu, Yoramu. Naye ana kalamu kama yako."

Nyongo ikampanda Eliona. Yoramu ni kaka yake, tumbo moja, na hawakuwa wameamkiana tangu baba yao afe. Waligombania kihamba, shamba la migomba na kahawa walilogawiwa. Mpaka wake ulipandwa masale, ile mimea ya majani marefu, kama mipaka yote ya huko, na Yoramu alidai mdogo wake ameyahamisha. Eliona akamwita mwongo mbele za watu. Na tusifichane: aliyahamisha.

"Nenda kamwombe tu," mkewe Elinipendo alimwambia aliporudi nyumbani. "Mwambie, shikamoo kaka, nisaidie nibu."

"Nimwamkie yule? Afadhali nilime mpaka nife."

Akajitia ujanja. Uchagani mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha, hukatai. Ukikataa umejitafutia laana. Basi Eliona akakata isale, akamchukua Thadeus, mzee wa kanisa, awe shahidi. Alijiambia kwamba Yoramu akishalipokea jani, ataona haya kumnyima kibati kidogo vile.

Yoramu alilipokea kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia Thadeus.

"Mzee, isale huletwa kwa kosa. Hebu muulize huyu kanikosea nini."

Eliona akajua amenaswa. Akisema hakuna kosa, amelifanyia isale mzaha mbele ya mzee wa kanisa. Akauwaza mtihani, akaiwaza nibu iliyofungiwa humo ndani na mtu anayemchukia kuliko wote duniani.

"Mpaka," alisema. "Niliusogeza."

"Umesikia, mzee?"

"Nimesikia," Thadeus alijibu.

"Basi nimemsamehe. Keshokutwa aurudishe."

"Keshokutwa ni Jumamosi, kaka, nina mtihani," Eliona alisema, na neno kaka lilimchoma koo. "Nibu yangu imepasuka. Nipe ile yako ya akiba."

Yoramu alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe! Ulikuja kuomba msamaha, nimekupa. Nibu ungekuja kuiomba, pengine ningekupa. Sasa hata ulie damu, huipati."

Thadeus alifungua mdomo aseme neno. Yoramu akamkatiza.

"Isale linadai msamaha, mzee. Halidai nibu."

Jumamosi, wenzake walipokuwa wameinamia karatasi mjini Moshi, Eliona alikuwa ameinamia mpaka, anang'oa masale na kuyarudisha yalikokuwa. Yoramu alisimama kando, mikono nyuma, akimwonyesha kwa mguu mahali pa kuchimba.