Mji Ulio Chini ya Mto

Harufu ya petroli ikimwagika kwenye jenereta hunirudisha kwenye kibanda cha bati cha tonton, mjomba wetu, hapa Kisangani kando ya mto, ambako watoto wa mtaa mzima tulikuja kucheza michezo ya video.

Mchezo tulioupenda ulikuwa wa mji wenye majengo marefu na mto mpana. Yaya, kaka yangu mkubwa, alishika manette ya kuongozea mchezo kwa mikono yenye jasho, akatangaza, "Muji hii iko Amerika."

"Hapana, yaya. Simamisha kwanza. Angalia mashua kwenye gati."

Kwetu mtumbwi hufungwa pua ikitazama maji yanakotoka, la sivyo mkondo unaugeuza. Mashua za mji ule zote zilitazama kushoto, na jua lilikuwa linazama kulia.

"Donc maji inaenda fasi jua inalala," nikasema, "sawa na ya kwetu. Muji iko chini ya mto huu huu, kupita Kinshasa."

Tonton alicheka mpaka akakohoa. "Mutoto, ile muji watu walichora tu!"

"Walichora fasi waliona."

Yaya hakucheka. Tulishuka naye ukingoni, akavua sandali moja, akaitupa mtoni. "Itafika?"

"Itafika."

Alipokuwa mtu mzima alipanda boti, akashuka na maji. Mama alilia. Mimi nilimbebea mzigo.

Hadi leo watu wakiniuliza yaya yuko wapi, sisiti. Nawaonyesha kwa kidole kule mto unakoelekea.