Nilihojiwa Murusagamba kwa sababu picha zangu za ndege hazikuwa na ndege

Wakuu, habari za humu.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, na nyuzi nyingi za "kisa cha kweli" huwa siziamini. Kwa hiyo atakayeona hiki ni cha kutunga sitamlaumu. Ningekisoma kimeandikwa na mtu mwingine, ningekuwa wa kwanza kuuliza maswali. Mimi nasimulia kilichonipata, mengine nawaachia.

Mimi ni kijana wa Biharamulo, Msubi. Chuo nimemaliza, ajira bado. Katika kukaa nyumbani nikajikuta napenda kupiga picha ndege. Siyo ndege aliyetulia kwenye tawi, huyo kila mtu anampiga. Nataka ndege akiwa hewani, mabawa yamefunguka, jicho linaonekana.

Tatizo ni vifaa.

Kamera yangu ni ya mtumba, ya zamani sana. Betri inaonyesha nusu halafu inazima ghafla kama mtu aliyezimia. Memori kadi ni ya polepole: nikipiga picha tano mfululizo, taa nyekundu inawaka na kamera inaganda mpaka imalize kuzihifadhi. Lenzi inavuta mbali kiasi, ila autofocus yake, ile ya kujilenga yenyewe, ni ya kubahatisha. Ndege akipita mbele ya mlima, lenzi inamwacha ndege inashika mlima.

Naomba mkumbuke hilo la mlima.

(Kuna jamaa wa mtandaoni nilikuwa namfuatilia, kila video anasema vifaa si muhimu, muhimu ni jicho lako. Anasema hivyo akiwa ameshika lenzi yenye urefu wa mkono wangu. Sijawahi kumsikia mwenye kamera mbovu akisema vifaa si muhimu.)

Sasa, nina rafiki yangu niliyesoma naye chuo, namwita Deo. Anafundisha shule moja huko Murusagamba, wilaya ya Ngara, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Akaniambia kuna bonde ambalo asubuhi korongo wenye taji wanatua kwa makundi. Korongo wenye taji, wakuu! Nikapanda gari, nikamalizia na bodaboda, ile barabara mnaijua wenyewe. Nilifika nikiwa mwekundu kama tofali.

Asubuhi Deo alikuwa anaondoka kwenda Ngara mjini kwenye semina. Akiwa mlangoni akasema, "Kabla hujaenda bondeni, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji umsalimie."

Nikamwuliza, "Kwani anga ni ya mwenyekiti?"

Akacheka. "Wewe na maswali yako. Pita umsalimie."

Sikupita.

Nilikuwa na hoja zangu. Napiga picha ndege, ndege si wa mtu, kibali cha nini? Hoja zilikuwa nzuri sana nikiwa peke yangu.

Nikashuka mpaka pembeni ya shamba la maharage, mpakani na migomba. Lenzi nilikuwa nimeivalisha mkono wa sweta la kijani nilioukata, isipate vumbi na isiwashtue ndege. Nikalala kifudifudi. Mbele yangu bonde, ng'ambo yake vilima, na vile vilima ni Burundi.

Korongo wakaja kweli. Nilisikia sauti zao kabla sijawaona. Wakapita mbele yangu wakiwa chini, shingo zimenyooka. Nikabonyeza. Tano, kamera ikaganda. Nikangoja taa. Tano tena, ikaganda. Wakati imeganda ndiyo wanapita vizuri zaidi, hilo mwenye kamera kama yangu analijua.

Nikiwa bado nimeinamia ile taa nyekundu, nikasikia nyuma yangu:

"Wewe. Inuka polepole. Hicho kitu kiache chini."

Nikageuka. Mgambo, kijana wa rika langu, ana rungu. Pembeni yake mama mmoja ameshika jembe kwa mikono miwili.

"Si nilikwambia?" yule mama akamwambia mgambo. "Amelala kwenye maharage yangu na hilo bomba, analielekeza kule."

Kule ni Burundi.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. Wakuu, hapo ndipo nilipojua si utani. Katika maisha yangu sijawahi kumwamkia mama akanyamaza.

Wakanipeleka nyumbani kwake, maana ndiko karibu. Njiani nikasikia mgambo akimwita Mama Adela. Nikakalishwa kwenye kigoda uani. Mwenyekiti akapigiwa simu. Majirani wakaanza kujaa mmoja mmoja, kila anayefika anamwuliza aliyemtangulia, na kila jibu lilikuwa linakua. Wa kwanza aliambiwa nina kamera. Wa mwisho namsikia anaambiwa nina mtambo.

Nikampigia Deo. Hapatikani. Nikampigia tena. Hapatikani.

Mwenyekiti alifika kwa baiskeli. Mzee mtulivu, kofia ya kitambaa, hana haraka. Shikamoo yangu aliiitikia, nikapumua kidogo.

"Unatoka wapi, kijana?"

"Biharamulo, mzee."

"Kabila?"

"Msubi."

"Haya, tuongeleshe Kisubi."

Nikatoa sentensi mbili ambazo bibi yangu angezisikia angelia. Nimekulia kwenye Kiswahili cha shule. Mgambo akaangua kicheko. "Mwenyekiti, hicho Kisubi amejifunzia kwenye gari akija!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Kitambulisho cha taifa?"

"Namba ninayo, mzee. Kadi bado haijatoka."

"Namba," Mwenyekiti akarudia taratibu, kama mtu anayeonja mboga akakuta haina chumvi. "Na umekuja kufanya nini?"

"Kupiga picha ndege. Wakiruka."

"Tuonyeshe."

Hapo nikafurahi. Ushahidi si uko ndani ya kamera? Nikaiwasha, nikampa.

Wakuu, nilikuwa sijaziangalia.

Picha ya kwanza, anga tupu. Ya pili, anga tupu. Ya tatu kuna ncha ya bawa pembeni, inaweza kuwa bawa, inaweza kuwa jani la mgomba. Halafu zikaja zile ambazo lenzi ilimwacha ndege ikashika mlima. Vilima vya ng'ambo vimetoka safi kabisa. Njia ya miguu inaonekana. Nyumba zinaonekana. Mtu amesimama mlangoni anaonekana.

Ndege hayupo. Burundi ipo.

Mwenyekiti akaendelea kubonyeza. Anga. Anga. Burundi. Anga. Burundi.

"Ndege wako wapi?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Nikaanza kueleza mambo ya autofocus. Nimesoma chuo wakuu, nimewahi kusimama mbele ya darasa nikaeleza mambo magumu, lakini siku ile nilivyokuwa najieleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nimejiandaa. Hata mimi nilijisikia nadanganya.

Mwenyekiti akasema atapiga simu wilayani waje na gari. Ilikuwa Ijumaa. Nikaona picha nzima: mahabusu mpaka Jumatatu, kadi ya taifa sina, lugha ya nyumbani imenishinda, kamera ina nyumba za watu wa nchi nyingine. Na mama yangu anajua niko Ngara kwa Deo nakula ndizi. Katika nchi hii mtu akishaanza kuulizwa kama ni raia, anathibitishia wapi? Nilikuwa nauliza maswali kama hayo kwenye vijiwe kwa raha zangu. Sasa yalikuwa yangu.

Nikasema, "Mzee, nipe nafasi nipige ndege mmoja mbele yenu. Mmoja tu. Nikishindwa, ita gari."

Mwenyekiti akamwangalia mgambo.

Mama Adela ndiye aliyejibu. "Ndege? Mwewe si yupo? Kila siku anakuja hapa kunimalizia vifaranga. Ampige huyo tuone."

Pale uani kulikuwa na tenga limefunikwa chini, na ndani yake kuku na vifaranga vyake. Mama Adela anawafunika hivyo kwa sababu ya mwewe.

"Akiwaona wamefunikwa hatashuka," mgambo akasema.

Mwenyekiti akafikiri. "Fungua tenga, Mama Adela. Watu wote hawa tupo, hatathubutu kufika chini. Atazunguka juu, kijana atampiga huko huko. Ila msianze kupiga kelele mapema mkamfukuza."

Nikamwangalia Mama Adela. Niliona anasita. Halafu akaniangalia usoni, na nadhani alichokiona kilimhakikishia kwamba mimi ni mwongo.

"Sawa," akasema. Akalifunua tenga kwa mkono wake mwenyewe.

Vifaranga vikatoka kwa furaha zote. Tukakaa.

Nikaweka spidi ya juu kabisa ambayo mwanga uliruhusu. Nikachagua nukta moja ya katikati ya fokasi. Betri imebaki alama moja. Jasho linaingia machoni. Mgambo ananong'ona, "Na ikizima atasema ni betri." Na mimi nawaza, kweli, ikizima nitasema ni betri, na itakuwa ni betri!

Mwewe akaja. Kwanza kivuli chake kikapita kwenye bati, kisha yeye mwenyewe, juu, anazunguka na mkia wake unapinda huku na huku. Nikapiga tano. Mbali mno. Nukta nyeusi. Taa nyekundu ikawaka.

Akashuka kidogo. Taa bado.

Akazunguka tena, chini zaidi. Taa ikazima. Nikamweka katikati ya kioo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu lenzi ile ikamshika ndege ikakataa kumwachia.

Halafu nikaona anakunja mabawa.

Wakuu, mtu unayemfuata ndege kwa lenzi unaona kitu kabla wengine hawajakiona. Nilijua hazunguki tena. Nilijua anakwenda wapi. Pembeni yangu Mama Adela naye alijua, maana amemzoea, nilimsikia anavuta pumzi apige kelele, na Mwenyekiti akasema, "Subiri kidogo."

Mimi mdomo wangu ulikuwa wazi. Kelele ilikuwa hapa kooni.

Nikabonyeza.

Nilisikia mabawa, nikasikia kuku akipiga yowe, ndipo uwanja mzima ukalipuka kelele. Tumechelewa. Mwewe alikuwa ameshavuka migomba.

Mwenyekiti akachukua kamera, akakinga kioo kwa kofia. Nne zilikuwa ovyo. Moja haikuwa ovyo. Mwewe anapanda, mabawa yamefunguka yote, kila unyoya umejitenga na mwenzake, mdomo wa njano, na chini kwenye kucha kuna kifaranga. Nyuma, kwa ukungu, mkono wa Mama Adela umeinuliwa.

"Huyu ni mwewe," Mwenyekiti akasema, kwa sauti ya mtu anayegonga muhuri.

"Kumbe jamaa kweli anapiga ndege!" mgambo akasema, akanipiga bega kama tumekua wote. Majirani wakapokezana kamera, wanashangaa. Mwenyekiti akaniambia nifute picha zenye nyumba za ng'ambo, nikazifuta mbele yake. Akaniambia siku nyingine nipite kwanza kwake. Nikasema ndiyo mzee. Sikuwa na swali.

Kisha Mama Adela akasema, "Na mimi nione."

Nikampa. Aliitazama muda mrefu, ameishika kwa vidole vyenye udongo.

"Ni yule mwenye doa," akasema.

Kidole chake kilikuwa kwenye kifaranga.

"Ametoka vizuri," akasema tena. "Mpaka jicho lake linaonekana."

Akanirudishia, akaenda kukusanya vifaranga vilivyobaki kurudisha chini ya tenga. Nikamwambia pole mama. Akasema bila kugeuka, "Haya, si umeshaaminiwa? Nenda."

Nilipofika kwa Deo kamera ikazima. Jioni naye akarudi, amesikia yote njiani, anacheka mpaka anashika ukuta: "Yaani wewe wa kuhoji kila kitu umetolewa na kifaranga!" Nikacheka naye. Usiku ule sikulala vizuri.

Funzo langu mnaweza kulichukua au kuliacha. Ukienda na kamera maeneo ya mpakani, pita kwa mwenyekiti kwanza. Bado sikubali kwamba anga ni yake, lakini wale watu wanaishi pale siku zote na mimi nilikuwa mtu wa asubuhi moja niliyelala kwenye maharage yao. Na ziangalie picha zako kila baada ya muda mfupi, usije ukaziona mara ya kwanza pamoja na mgambo.

Najua mtaomba niweke picha. Ninayo. Siiweki. Ndiyo picha pekee nzuri niliyowahi kupiga, na kila nikiikuza nione ule unyoya, naishia kwenye lile jicho dogo la chini.

Wenye kamera za mtumba kama yangu, naomba mnisaidie: mnafanyaje lenzi isimwache ndege ikakimbilia mlima?

Na kuna swali la pili. Pale mwewe alipokunja mabawa, sekunde moja nzima kabla ya wengine, ungekuwa wewe ungepiga kelele? Jibuni kwa ukweli, msinipoze. Mimi nimejijibu mara nyingi kwamba nisingewahi, kwamba hata ningepiga angeshuka tu.

Jibu hilo angenipa mtu mwingine, nisingelikubali.