Mistari ya Vidole vya Mama

Siku ile tulikuwa mimi, wadogo zangu Moraa na Ombati, na jirani yetu Mama Kerubo. Niliikumbuka juzi, nilipoona kwenye runinga Wathai wakivua viatu mlangoni wasichafue sakafu.

Tulikuwa tumemzika mama wiki hiyo. Nyumba ilijaa harufu ya kinyesi kibichi cha ng'ombe. Mama Kerubo alikuwa akitupakia kinyesi hicho kwenye sakafu ya udongo, juu ya kile alichopaka mama, nami nikamshika mkono kumzuia.

“Unamfuta mama! Hiyo ni mistari ya vidole vyake!”

“Isipopakwa, funza wa vumbini watawamaliza miguu, mwanangu,” alisema, lakini akapaacha bila kupaka pale karibu na mafiga.

Nilimnunia. Baadaye niliacha shule, nikawa napaka mwenyewe kila Ijumaa, mgongo ukiniuma, na mistari yangu ikatoka kama ya mama.

Mama Kerubo sikuwahi kumpakia sakafu hata mara moja kumrudishia wema wake, na sasa sakafu yake ni ya saruji, haipakwi tena.