Kilio Ndani ya Kanda

Icilda aliingia studio mara moja tu maishani, Everald wake akiwa bado ananyonya. Fundi mitambo, Cuthbert, akazigeuza nyimbo alizoimba kuwa albamu ya dabu: sauti akaifuta karibu yote, akaacha besi, ngoma, na neno moja, "rudi," likijirudia mpaka linapotea. Hapa Kingston dansi la mtaani halikunoga bila santuri ile. Icilda hakuona ubaya. "Cuthbert alininyamazisha vizuri," alikuwa akisema huku akikaanga samaki wa kuuza.

Everald alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa, aliuawa kwa risasi kwenye kona ya mtaa wetu, akitoka kununua mkate.

Cuthbert naye alipofariki, mwanawe Ransford akazitoa kanda za zamani, akazichanganya upya. Akaja kwa Icilda na spika, uso umechanua.

"Anti, nimekurudishia sauti yako yote. Sikiliza."

Sauti ilikuwa yake kweli, changa, haina mkwaruzo. Besi ilikuwa imesukumwa nyuma, haitikisi tena kifua. Kisha, katikati ya ngoma, mtoto akalia.

Icilda akazima jiko.

"Huyo nani?"

"Alikuwa humo humo kwenye kanda. Baba alimficha. Mimi nimempandisha sauti, nikamtia mwangwi."

"Huyo ni Everald. Nilimlaza kwenye kapu, miguuni pangu. Mtoe."

"Nikimtoa, Anti, nitakuwa nimeongeza nini?"

"Si lazima uongeze. Baba yako alimsikia, akamwacha alale."

Ransford akasema atafikiria. Santuri ikatoka, kilio kimo. Watu wa rika letu waliiponda. Vijana waliipenda, na kila mara mtoto alipolia walipiga mabati ya uzio kwa viganja, wakitaka irudiwe tangu mwanzo. Icilda akaacha kutoka siku za dansi.

Jumamosi moja nilimpelekea supu. Nikamkuta ameinamia gramafoni, santuri mpya inazunguka.

"Ameiharibu," akaniambia. "Ile ya baba yake haikupungukiwa kitu."

"Sasa mbona unaisikiliza?"

Akanyanyua sindano, akairudisha pale mtoto anapoanza.

"Alikuwa na njaa," akasema. "Nami nikaendelea kuimba."

Niliweka bakuli mezani. Nilipoondoka alikuwa hajaligusa, na mtoto alikuwa analia tena.