Mashine Ilimsikiliza Shemasi

Mimi sikusoma sana. Niliachia darasa la nne, ng'ambo, Bukavu, upande wa Kongo, baada ya mimi na Maman kuvuka mto Rusizi tukiwa wawili tu wa nyumba yetu nzima. Ninasema hivyo mapema ili mtu asije akaniambia mambo ya mashine ni ya wasomi. Mashine nilijifunza kwenye redio mbovu za soko la Kamembe: kufungua, kuangalia, kufunga. Na kompyuta ya kanisa letu, ile yenye mfumo wa Linux, niliijua kuliko wote kwa sababu wote waliiogopa. Walisema ni mashine ya wahuni, haina picha walizozoea.

Majina ya watu sitayaandika. Kazi zao nitazitaja, na Kamembe si kubwa. Kuna shemasi, mwenye kutunza ufunguo wa ofisi. Kuna prezida wa korali, mkuu wa waimbaji wetu. Watajijua.

Kompyuta ile ilikuwa na masikio mawili. La kwanza ni la kuzaliwa nalo, katundu kadogo juu ya kioo, kanasikia kila kitu kilicho karibu: vidole, pumzi, kikohozi cha mwenye kukaa mbele yake. La pili ni kisanduku cha USB nilichokifungia mikro, kipaza sauti kizuri cha korali, kwa waya mrefu. Vinywa vilikuwa vitatu: spika zake zenyewe, kisanduku hichohicho kupeleka sauti kwenye bafle, zile spika kubwa za kanisani, na waya wa televisheni iliyo katika chumba cha watoto. Sasa Linux inavipa namba kadiri inavyovikuta. Leo kisanduku ni namba moja. Kesho, televisheni ikitangulia kuamka, kisanduku kimekuwa namba mbili, na wewe uliyeandika "peleka sauti kwa namba moja" umeumbuka mbele ya kanisa lote. Jumapili moja korali ilisimama, kinanda kikapigwa, kanisani kimya. Sauti yote imekwenda kwenye televisheni.

"Papa Fundi," prezida wa korali akasema kwa mikro ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa inafanya kazi, "leo tuko naimbia batoto peke yao?"

Watu walicheka mpaka mahubiri.

Fundi mmoja wa Bukavu ndiye aliyenitoa aibu. Aliniambia kwa simu: usiite kifaa kwa namba, kiite kwa jina lake refu, ile mistari ya herufi ambayo mashine yenyewe inakuonyesha. Nikanunua kaye, daftari la shule. Nikanakili amri alizonitajia herufi kwa herufi, na Kiingereza sikijui, mpaka vidole vikazizoea. Nikaiambia Linux kwamba kwa kusikia na kwa kusema, kisanduku ndicho cha kwanza. Kuanzia siku ile ungeweza kuwasha chochote kwa utaratibu wowote, sauti ilikwenda mahali pake. Nikaona nimemaliza. Nitarudi hapo, maana hapo na mimi nina kosa langu.

Maman hakuwahi kusema. Kila mwaka, siku za kukumbuka mauaji, wengine walisimama wakaeleza walivyopona na wenzao walivyouawa. Yeye alikaa, mikono ndani ya kitenge. Majina ya wafu wetu niliyajua, na wengi nilijua walipoangukia. Kitu kimoja sikukijua: alimwacha wapi dada yangu mdogo. Tulipotoka nyumbani kwetu Gashonga, mimi nilitangulizwa na jirani kupita kwenye migomba. Maman alibaki nyuma na mtoto mgongoni. Alitukuta asubuhi, nguo ya kubebea ameikunja vizuri, ameishika mkononi. Sikuuliza siku ile, na miaka yote iliyofuata sikuuliza. Wenzetu walichimbua watu wao, wakawaosha, wakawazika na msalaba juu. Sisi yule mdogo hatukuwa na pa kuanzia.

Halafu miguu ya Maman ikaanza kuvimba, daktari akasema ni moyo. Siku moja ananitazama nikila, ananiuliza, akiniita Papa kama mama wa kwetu anavyomwita mwanawe:

"Papa, ile mashini ya kanisa inashikaka maneno ya muntu?"

"Inashika, Maman. Yote."

"Basi nitasema. Mara moja. Lakini weye hautakuwa mule. Mbele yako mudomo inafunga."

"Na nani atakaa na wewe?"

"Mashini. Na usisikilize nikiwa muzima. Utanitazama na macho ingine."

Nilikwenda kuomba ofisi. Shemasi akanijibu kwamba mashine ni ya kanisa, haiwezi kutumika bila kiongozi kuwa ndani, ndiyo sheria. Nikamwambia ni mambo ya mama mzee, mambo ya siri. Akasema, "Na miye ni muntu wa siri, Papa. Kazi yangu njo hiyo." Sikuwa na ufunguo. Nilikubali.

Nikapanga kila kitu mwenyewe. Maman nikamketisha kwenye kona, karibu na dirisha, mikro mbele yake kwa upana wa kiganja. Waya ukavuka chumba mpaka kwenye kisanduku, kisanduku kwenye kompyuta, kompyuta kwenye meza ya shemasi, hatua nne kutoka kwa Maman. Nikavaa ekutere masikioni, nikamwomba aseme chochote. Akasema, "Hii kitu inanuka midomo ya bantu." Sauti ilikuja safi kama yuko ndani ya kichwa changu. Nikabonyeza kurekodi, mstari ukaanza kucheza.

"Shemasi, tafadhali, usiguse kitu."

"Weye unafikiri miye ni mutoto?"

Nikiwa natoka, prezida wa korali akaingia. Hakuitwa. Alisema wana mkutano na shemasi, atamngoja ndani. Maman aliinua mkono, akanipungia nitoke tu. Nikashuka mpaka barabarani, mahali unapoona ziwa na nyumba za Bukavu zimepandana ng'ambo, nikasimama pale kama mtu anayengoja gari. Niliporudi Maman alikuwa nje kwenye benchi, ameshanawa uso.

"Nimesema," akaniambia.

"Yote?"

"Yote. Na pale nilimulaza."

Ndani mstari bado unacheza, kisanduku kiko mahali pake, shemasi amefungua Biblia. Nilisikiliza sekunde chache za mwanzo tu, kuona kama imeshika; zaidi ya hapo ningevunja ahadi. Safi. Nikahifadhi, nikainakili kwenye simu yangu. Halafu nikamshika shemasi mikono yote miwili nikamshukuru. Hilo la kumshukuru linanichoma mpaka leo.

Maman alikufa kabla ya mavuno ya maharage. Tukamzika. Wiki iliyofuata, saa sita mchana, nilifunga kibanda changu sokoni, nikavaa ekutere.

Alianza kama wazee wanavyoanza, kwa Kinyarwanda chake cha zamani: baba yake, babu yake, ng'ombe wa babu yake, kilima, nani alimwoa nani. Dakika kumi na moja nilikuwa naye. Akafika siku tuliyotoka nyumbani. Akasema, "Mtoto alikuwa na homa." Ndipo nikasikia tiki. Kadogo, kama mtu amevunja kijiti. Baada ya tiki, Maman akawa mbali, chini, kama mtu anayeongea ndani ya shimo, na karibu yangu, ndani kabisa ya sikio, akapumua mwanaume.

"Imeanza kuingia?" Huyo ni prezida.

"Inaingia. Asilimia tatu. Ilikuwa inakufa, na pasta atanipigia." Huyo ni shemasi.

"Huyu maman atamaliza saa ngapi? Miye nasikia njaa."

"Wacha. Hawa bamama banaanzaka na Adamu."

"Sasa huyu maman iko wapi?"

"Bado. Hajafika hata kwa Nuhu."

Na nyuma yao, katika hadithi yake, Maman anatembea. Nilimsikia anatembea. Alitaja mto mdogo, alitaja nyumba ya mtu, akasema, "Nikamlaza chini ya..." na prezida wa korali akasema:

"Akifika kwa Nuhu, tuombe atupe hata nyama moja ya mu safina!"

Shemasi akacheka. Ana kicheko kirefu, kinajulikana. Kilipoisha, Maman alikuwa ameshapita, yuko njiani anatufuata na nguo mkononi.

Nilirudisha nyuma. Nikarudisha tena. Sijui mara ngapi.

Linux ina kitu kimoja ambacho watu hawakijui: haisahau. Ina daftari lake la ndani, inaandika kila kilichochomekwa na kilichochomolewa, pamoja na saa. Nilikwenda kanisani Jumamosi watu wakifagia, nikafungua lile daftari, nikatafuta siku yetu. Iko pale. Dakika ya kumi na moja: kisanduku kimechomolewa. Sekunde chache baadaye: kifaa kipya, simu, na aina ya simu imeandikwa, ni ileile shemasi anayoitoa mfukoni kila akitaka watu waione. Kompyuta ile ilikuwa na tundu moja tu la USB linalofanya kazi. Dakika ya thelathini na tano: simu imetoka, kisanduku kimerudi. Alikirudisha. Maana yake alijua ni kitu cha kurudisha. Alikirudisha, akafungua Biblia.

Na mashine ilifanya ilivyofundishwa. Sikio la kwanza lilipoondoka, haikusimama wala haikulia. Ilihamia kwenye sikio lililobaki, lile la juu ya kioo, ikaendelea kurekodi, mstari unacheza vilevile. Lile sikio lilikuwa mbele ya mdomo wa shemasi.

Nilisema nitataja watu kwa kazi zao; sasa nataja na makosa yao. Shemasi ni wa kwanza. Prezida wa korali wa pili. Wa tatu ni mimi. Niliiambia Linux kisanduku ni cha kwanza, sikuiambia ni hicho tu. Ningelizima lile sikio la kioo, kitu cha mstari mmoja katika kaye yangu, rekodi ingekatika, mstari ungesimama, na hata mjinga angeona. Au ningerekodi masikio yote mawili kwa pamoja, kila moja kwenye njia yake. Leo najua kufanya vyote viwili. Nimeshafanya: sikio la kioo limezimwa, rekodi imefungwa kwa jina refu la kisanduku, ukikichomoa inasimama hapohapo na inapiga kelele. Korali inarekodi vizuri sana sasa. Prezida anasifiwa.

Ile ya Maman nimeijaribu kwa kila njia. Nimepunguza sauti nzito, nimeinua nyembamba, nimepunguza kasi. Kicheko kikipungua, na Maman anapungua. Wako kwenye mstari mmoja, walirekodiwa na sikio moja, ukimkata mmoja umewakata wote.

Habari zilimfikia shemasi, maana sikuzificha. Alikuja kibandani kwangu mchana, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Papa, banasema uko na sauti yangu."

"Ninayo."

"Futa ile, tafadhali. Tuko naenda kwa uchaguzi ya bazee ba kanisa. Bantu batasikia vibaya."

"Sauti ya Maman iko ndani. Nikikufuta wewe nimemfuta na yeye."

"Miye nilijaza simu moto tu! Sikujua ile kasanduku njo sikio. Ungenifasiria."

"Nilikuambia usiguse."

"Muntu anaambiwaka mambo mingi."

Nikamvalisha ekutere mwenyewe. Alikaa. Nikampeleka pale penye mto mdogo, nikaacha icheze. Nilimwona akifika kwenye kicheko chake, shingo ikaingia ndani ya mabega. Nikasimamisha.

"Ulikuwa hatua nne kutoka kwake. Masikio yako hayana waya. Alisema alimlaza chini ya nini?"

"Papa, siku mingi imepita."

"Chini ya nini?"

"Sikusikia. Tulikuwa natania."

Nikarudisha. Alisikiliza tena, safari hii amefumba macho, amebonyeza ekutere kwa vidole. Nitasema ukweli, alijitahidi. Mara ya tatu akasema labda ni "mwamba". Mara ya nne akasema labda hakuna neno pale, ni pumzi tu. Akavua, akaziweka mezani taratibu.

"Nisamehe, Papa. Neno la Mungu linasema—"

"Neno la Mungu ninalijua. Nimekuuliza la Maman."

Aliondoka. Uchaguzi ulifanyika, akachaguliwa. Mimi Jumapili siku hizi ninakaa nje, kwenye benchi, mpaka waniite kuwasha vitu.

Mwezi uliopita nilipanda pikipiki mpaka Gashonga. Nyumba yetu haipo, ila mto mdogo upo, na nikajaribu kutembea kama Maman alivyotembea kwenye rekodi: mto, nyumba ya yule mtu, kilima. Chini ya. Kilimani kule kila kitu kiko chini ya kingine: migomba chini ya barabara, muhogo chini ya migomba, miamba ni mingi. Anayelima pale sasa ni mwanamke mpole, hakuwepo wakati ule, alizaliwa baadaye. Nilimweleza ninachotafuta. Hakuniuliza hati, hakuniuliza mimi ni wa nani. Aliita majirani wawili waje na majembe yao, na yeye akakunja kitenge chake kiunoni.

"Mzee," akaniambia, "tuonyeshe. Tuchimbe wapi?"

Nikazunguka lile shamba mara moja, mara mbili, wakinitazama. Halafu nikawaambia warudi kwenye muhogo wao.