Mama Kaganda Mdomo Wazi

Wateja walimwita Mashine kwa sababu ya mikono yake. Kichwa ambacho msusi mwingine angekianza asubuhi na kukimaliza giza likiingia, yeye alikipeleka mbio, na mteja akaondoka jua bado kali, akijitazama kwenye kila kioo cha gari njiani. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga: draya moja ya kukaushia nywele, viti viwili vya kuzunguka, kimoja kikiwa kimeshagoma kuzunguka, na ukuta mzima wa rasta za kila rangi.

Jambo lililomnyima raha lilikuwa moja. Mama yake aliishi peke yake mji mwingine tangu baba afariki, na alikataa katakata kuhamia kwake.

"Nije kwako nifanye nini?" mama alikuwa akisema. "Nikae nikutazame unavyosuka?"

Basi kampuni moja ya simu ikaleta kifurushi kipya, na bango lake likabandikwa ukutani nje ya saluni. Mwanamke anacheka mpaka jino la mwisho, simu mkononi, na juu ya kichwa chake maandishi makubwa: INTANETI BILA KIKOMO. Mashine alilitazama bango lile siku nzima, kati ya msuko na msuko. Jioni akajiunga, akamuunga na mama pia. Huko kwa mama, muuza duka wa jirani akasaidia kuiweka simu sawa.

Kesho yake mama alikuwa saluni. Simu iliegemezwa kwenye rafu, kati ya kopo la mafuta na chupa ya shampuu, na ndani yake mama amekaa wima, gauni la kutokea, kitambaa kipya kichwani, anamtazama binti yake anavyosuka.

Wateja walianza kwa haya. "Shikamoo mama," walisema, wakiinamia rafu.

"Marahaba mwanangu. Hiyo rangi umeichagua mwenyewe au umelazimishwa?"

Haikuchukua muda wakamzoea. Wengine hata kabla ya kukaa waliuliza kama mama yupo hewani. Mwalimu mmoja wa chekechea alirudi nywele zake zikiwa bado nzuri kabisa, akafumuliwa na kusukwa upya, ili tu amalizie kumsimulia mama ugomvi wake na mwenye nyumba.

Mashine alisuka huku anatabasamu. Kila akiinua macho, mama yupo. Mama akisinzia, anamwita: "Mama! Upo?" Mama anashtuka, anarekebisha kitambaa: "Nipo, nipo." Mama akiinuka: "Unaenda wapi?"

"Chooni, mwanangu."

"Usichelewe."

Siku moja, mwezi haujafika hata katikati, kwenye kiti kinachozunguka alikaa dereva wa lori, mwanamke wa mabega mapana na sauti nzito, ambaye njiani hakuogopa mtu ila nyumbani alishindwa na wifi yake. Wifi alikuja kusalimia, akahamia. Mama alisikiliza kisa chote, akakohoa, akainua kidole.

"Sasa sikiliza, mwanangu. Huyo wifi yako dawa yake ni moja tu. Leo ukifika nyumbani, unamwita sebuleni, halafu una..."

Akaganda. Mdomo wazi, kidole juu, jicho moja limefumba nusu. Saluni nzima ikasubiri. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye paji la uso wake.

"Una nini?" dereva akauliza, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. "Mama, una nini?"

Wakazima, wakawasha. Mama akarudi vipande vipande, kisha sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa, kisha akaganda tena, safari hii anatazama dari. Mashine alikimaliza kichwa cha dereva, akafunga saluni, akaenda moja kwa moja hadi duka la kampuni.

Akapokewa na dada wa kaunta, mwenye kucha ndefu na heshima tele.

"Kifurushi changu kimeisha," Mashine akasema.

Dada akabonyezabonyeza. "Hakijaisha, dada yangu. Hakiwezi kuisha. Ni bila kikomo."

"Mama yangu kaganda."

"Pole sana. Ni kasi tu imepungua. Umetumia sana, umevuka kiwango."

"Kiwango cha nini, na mmesema hakuna kikomo?"

"Kikomo hakuna. Kiwango kipo." Alisema bila kupepesa jicho. "Ukikivuka, intaneti inaendelea, ila polepole. Ni sera ya matumizi ya haki."

"Haki ya nani?"

Dada akafikiri kidogo. "Ya wote."

Akamwonyesha ukutani. Bango lilikuwa lile lile, na chini kabisa, karibu na viatu vya yule mwanamke wa kucheka, palikuwa na mstari wa herufi ndogo kama sisimizi. Mashine akachuchumaa kuzisoma. Zilisema vilevile. Kumbe hata kule saluni zilikuwepo, ila sehemu ile huwa imezibwa na pipa la taka.

"Hebu niambie," akasema akiwa bado amechuchumaa. "Nikuahidi kukusuka kichwa kizima, nikifika nusu nianze kusuka unywele mmoja kwa siku. Utasema nimekusuka?"

"Nitasema hujaacha kunisuka," dada akajibu, kisha akashindwa kujizuia, akacheka. Akashusha sauti. "Mimi mwenyewe nyumbani natumia vifurushi vya kawaida." Akajikumbuka, akakaa sawa. "Lakini sasa tuna Bila Kikomo Zaidi."

"Zaidi ya bila kikomo?"

"Zaidi kidogo."

Ni aibu kusema, lakini alikitaka. Akatoka nje kwanza ampigie mama, simu ya kawaida tu, amwambie avumilie. Simu iliita mpaka ikakata. Akarudia, hola. Akampigia yule muuza duka.

"Mama? Katoka muda mrefu," muuza duka akasema. "Kavaa viatu vyake vizuri. Kapita hapa anaimba."

"Anaimba?"

Mama alipiga mwenyewe jioni, binti akiwa anafagia nywele.

"Mama, ulikuwa wapi? Nimekufa kwa wasiwasi!"

"Nilikwenda kwa shoga yangu, yule mshona mapazia. Hatujaonana tangu uniweke kwenye rafu."

"Kwani nilikuzuia kwenda?"

"Niende vipi? Nikisimama, 'Unaenda wapi?' Nikisinzia, 'Upo?' Nguo ya kutokea kila siku, ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Leo picha ilipokatika nilikaa kwanza, nikasubiri. Ilipokataa kabisa, nikavua kitambaa, nikajitupa kitandani chali."

Mashine akakaa kwenye kile kiti kisichozunguka. "Si ungesema, mama?"

"Ningesema saa ngapi? Wateja wako walikuwa wanasikiliza."

"Mimi nilidhani nakuondolea upweke."

"Na mimi nilidhani nakuondolea wewe. Kila nikitaka kukata najiambia, mtoto ana wasiwasi, acha nikae naye."

Kisha mmoja wao akaanza kucheka, na mwingine akafuata.

"Na yule dereva?" Mashine akauliza akifuta macho. "Anataka kujua wifi amfanye nini."

"Hata mimi nilikuwa sijui. Nilikuwa bado natafuta la kusema. Huo mtandao umeniokoa."

Bila Kikomo Zaidi hakununua. Wateja walinuna, wakasema saluni imepoa. Mama akawa anapiga mwenyewe, anapojisikia, na mara nyingi alijisikia pale mikono ya binti ilipojaa dawa ya nywele. Anaongea kidogo, anasema ana safari zake, anakata. Mwanzoni Mashine alikuwa akibaki ameishika simu, ameduwaa.

Mwezi ulipoisha, kampuni ikamtumia ujumbe wa furaha kwamba kasi yake imerejea. Ujumbe ulimkuta kwenye basi, mkoba magotini. Mama alimfungulia mlango akiwa na gauni la kushindia, kichwa wazi.

"Mkoba mkubwa," akasema. "Unakaa muda gani?"

"Siku mbili tatu."

"Mbili zinatosha."

Akaupokea mkoba, akaupeleka chumbani, akarudi na kitana. Akaketi sakafuni, mgongo kwenye magoti ya binti yake. Mashine akaanza kumfumua bila haraka yoyote, na mama, kwa mara ya kwanza tangu binti amjue, hakuwa na ushauri wa kumpa mtu.