Shimo Nyuma ya Dirisha Langu

Niliporudi kutoka Mwanza kwa dripu ya pili ya dawa ya saratani, sikuwa na nywele, sikuwa na titi la kushoto, na mdomo wangu, ambao kijiji chetu chote cha Kanoni kinaujua kwa maneno, ulikuwa umejaa vidonda. Mume wangu alinilaza chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama kibanja. Kwetu kibanja ndicho kila kitu: migomba, kahawa, na makaburi ya ukoo. Kaburi la baba mkwe liko pale pale karibu na dirisha.

Kesho yake asubuhi nikasikia jembe. Nikajikokota, nikachungulia. Mume wangu anachimba, peke yake, kimya, kando ya kaburi la baba yake. Jamani, nilikufa ganzi.

Mimi nimekulia kwenye migomba. Najua kiangazi watu huchimba mashimo wakisubiri mvua. Lakini hayo huchimbwa mengi, kwa mstari, huko juu penye nafasi. Hili lilikuwa moja. Najua pia kwamba hakuna anayemchimbia mtu kaburi angali hai, ni uchuro. Nilijiambia hayo yote na bado niliona kaburi. Isitoshe, jana yake jirani aliyekuja kunijulia hali alimnong'oneza mama mkwe jikoni kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Sijui alidhani saratani imeniziba na masikio.

Sikuuliza. Mimi, ninayeuliza hata bei ya kitu nisichonunua, sikuuliza. Nilishinda dirishani nikimpima mume wangu anavyozama: limefika magotini, sasa limefika mapajani. Jioni mama mkwe akaniletea uji, nikamwambia dripu ya tatu siendi. Nikafie njiani kwa nini, wakati pa kulala pameshapatikana? Hakunielewa. Akaenda kumwita mwanawe.

Aliingia na udongo miguuni. Nikaona nisipouliza sasa, woga utaniua kabla ya saratani.

"Lile shimo ni la nani?"

Alinitazama, akatazama dirisha, akaelewa. Akaketi sakafuni, mwanamume mzima, akalia.

"La mgomba," alisema. "Nimechimba hapo ili uuone ukikua. Mkungu wake wa kwanza utaukata wewe."

Basi nikaenda. Dripu ya tatu, ya nne, mpaka zikaisha. Mkungu ule niliukata mwenyewe, kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto haunyanyuki vizuri tena. Tukapika ndizi na maharage, tukala.

Mpaka leo naenda Mwanza kupimwa, na kila safari ikikaribia woga hunirudia. Mume wangu naye, Mungu amsamehe, kiangazi hakimpiti bila kuchimba. Simwulizi tena. Lakini kabla sijamwambia pole na kazi, kwanza nachungulia shimo limefika kina gani.